Daktari na Simu Yake: Je, Anayejifunza Kutoka Kwenye Simu Anabeba Dhamana?

  

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha hapa Bukoba mjini, kijana mmoja ambaye ni daktari aliye katika mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo alibaki msikitini mpaka watu walipotawanyika. Alitoa simu yake akanionyesha programu inayofundisha, kwa michoro inayotembea, namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua na namna ya kuzuia damu ya mama aliyejifungua. Kisha akauliza: "Sheikh, nikiwa zamu ya usiku na mkubwa wangu yuko mbali, huwa natazama hapa dakika mbili ndipo naingia kwa mgonjwa. Likitokea la kutokea, je, mimi ni miongoni mwa wale waliotajwa katika Hadithi?"

Hadithi aliyoikusudia imepokewa na Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah. Maana yake ni kuwa mwenye kujitia utabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo, huyo ni mwenye kudhamini, yaani atalipia madhara atakayoyasababisha. Swali la kijana huyu ni zito, na kwa kuwa maimamu wengi wa Bukoba na Muleba wanaweza kuulizwa mfano wake, tumeona tulieleze kwa kirefu kidogo.

PROGRAMU HIZI NI KITU GANI?

Mas-ala hayahukumiwi kabla ya kufahamika sura yake. Programu hizi huwekwa katika simu, na nyingine hufanya kazi hata pasipo intaneti baada ya kupakuliwa. Jambo hilo lina faida kwa wenzetu wa visiwa vya Muleba kama Bumbire, Ikuza na Goziba. Iliyo maarufu ni Safe Delivery App, iliyotengenezwa na taasisi ya Maternity Foundation ya Denmark pamoja na vyuo vikuu vya nchi hiyo. Hapo jirani Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza nyingine iitwayo LIFE. Hiyo imejengwa kwa sura ya mchezo: mganga anaingia katika chumba cha hospitali ndani ya simu, anachagua la kufanya kwanza na la pili, na akikosea anasahihishwa.

Je, zinafaa? Programu ya Denmark ilijaribiwa Ethiopia katika vituo 73 vya afya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Ujuzi wa wahudumu waliopewa simu uliongezeka waziwazi, na ulikuwa bado uko juu hata baada ya mwaka mzima. Ama vifo vya watoto, walikotumia simu vilikuwa 14 katika kila uzazi 1000, na wasikotumia vilikuwa 23. Hata hivyo watafiti wenyewe walikiri kuwa tofauti hiyo haikutosha kuwa hoja ya kukata shauri, kwani huenda ilitokea kwa sadfa.

Hapa nchini, katika hospitali ya Haydom mkoani Manyara, lilidhihiri jambo la mazingatio. Wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto kupumua. Walipopimwa kwa mwanasesere walifanya vizuri, lakini walipofika kwa mtoto halisi utendaji wao haukubadilika. Ni pale yalipowekwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini, ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipopungua, kutoka 11 hadi 7 takriban katika kila 1000. Na huko Zanzibar, hospitali ya Mnazi Mmoja, kuanzia mwaka 2015 wahudumu walipewa kijitabu cha mfukoni pamoja na darsa za mara kwa mara. Watoto waliozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 katika kila 1000.

Basi zingatia, ndugu msomaji. Chombo kina faida, lakini faida hiyo hutimia kinapoambatana na mkono unaozoezwa na jicho linalosahihisha.

MJADALA HUU SI MPYA

Wako wanaodhani kuwa mas-ala haya yamezaliwa pamoja na simu. La hasha. Katika karne ya tano Hijria, huko Misri, alikuwepo tabibu Ali bin Ridhwan aliyejifundisha utabibu kwa kusoma vitabu, akashikilia kuwa vitabu vya wakale vyatosha. Mwaka 441 Hijria (1049) akaja Cairo Ibn Butlan, tabibu Mkristo wa Baghdad, wakajibizana vikali. Ibn Butlan akataja sababu za kuwa kujifunza kwa mwalimu ni bora: mwalimu huulizwa akajibu, na akiona hukufahamu hubadilisha maneno, kitabu hakibadilishi. Tena mwandishi hukosea nukta, neno likageuka jingine, na msomaji asijue.

Sisi tuliokaa kwenye mikeka ya madrasa tunalifahamu hili. Mtu aweza kusikiliza kanda za wasomaji wakubwa miaka kumi, lakini mpaka akae mbele ya sheikh wake, dhaadi yake yaweza kubaki dhaa. Kanda husomesha lakini haisikii makosa yako.

Hata hivyo wazee wetu hawakupuuza vyombo. Az-Zahrawi wa Andalusia, katika kitabu chake At-Tasrif, alichora vyombo vya upasuaji takriban mia mbili ili mwanafunzi aone kwa macho yake. Michoro ya simu ni katika mlango huohuo. Na mwaka 319 Hijria (931), mtu mmoja alipokufa Baghdad kwa kosa la tabibu, Khalifa Al-Muqtadir aliamuru asiachwe yeyote kutibu mpaka ajaribiwe na Sinan bin Thabit, tabibu mkuu. Wakajaribiwa zaidi ya watu 860. Kwa hiyo ruhusa ya kugusa mwili wa mtu ilikuwa ikitoka kwa mjuzi aliyekushuhudia.

HUKUMU YAKE

Imam Al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria) ameuhesabu utabibu katika fardhi kifaya, akawalaumu wanafunzi wa zama zake waliojazana kwenye fiqhi na kuuacha. Na kwa kuwa kuokoa nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria, njia inayofikisha huko huchukua hukumu yake. Basi kujikumbusha kwa programu sahihi ni jambo jema lenye kutakiwa.

Ama dhamana, Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad amewagawa matabibu mafungu. Tabibu hodari aliyeidhinishwa, akaipa kazi haki yake na mkono wake usivuke mpaka, hadhamini hata mgonjwa akifa. Hodari ambaye mkono wake uliteleza anadhamini, na hukumu yake ni ya kosa lisilokusudiwa. Ama mjinga aliyemhadaa mgonjwa kwa kujionyesha mjuzi, huyu anadhamini bila shaka, naye ndiye wa Hadithi.

Tukimweka kijana wetu kwenye mizani hii, tunapata hali tatu.

Kwanza, lile alilofundishwa na walimu wake, akalifanya mbele yao wakaliridhia. Hapo kutazama simu ni sawa na hafidh anayefungua msahafu kabla ya kuswalisha tarawehe. Ni ihtiyati, na anasifiwa kwayo.

Pili, lile ambalo hajapata kulifanya wala kuonyeshwa kwa mkono, naye ana nafasi ya kumwita mkubwa wake au kumpeleka mgonjwa kwingine. Akitegemea simu peke yake, amevuka mpaka. Katika jambo hilo mahususi yeye si mjuzi, hata kama ana shahada, na inachelewa kuwa Hadithi inamgusa.

Tatu, dharura. Yuko peke yake, boti haipo, damu ya mama inatoka na kila dakika ina thamani. Hapa aliye karibu zaidi na elimu ndiye anayewajibika, na kukaa kando ndiko kosa. Atende kwa kadiri ya ujuzi wake, simu imkumbushe, na awapigie walio juu yake wamwongoze.

Wala lawama isimwangukie kijana peke yake. Mkubwa wa zamu anayeitwa asije, akamwachia mwanafunzi asichokiweza, ana sehemu yake mbele ya Allah, hata kama dhamana ya dunia humwelekea kwanza aliyetenda kwa mkono wake.

ADABU ZA KUCHUNGA

Mgonjwa ana haki ya kuambiwa ukweli. Akiuliza, "Umewahi kufanya hili?", haijuzu kumdanganya. Kumpiga picha mgonjwa ili kujifunzia bila idhini yake ni haramu, na aurat ina hukumu yake. Katika hili michoro ya programu ni afadhali kuliko picha za watu. Tena asichukue kila programu anayoikuta, bali zile zilizopitiwa na wajuzi wanaojulikana, kama tunavyouliza sanadi ya Hadithi.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji kuambiwa thamani ya mkono uliozoezwa. Maradhi ya Marburg yalipotangazwa Bukoba mwezi Machi 2023, watu tisa waliugua na sita wakafariki, na mhudumu wa afya alikuwa miongoni mwao. Mpangilio wa kuvaa na kuvua mavazi ya kinga unaweza kuonekana kwenye simu, lakini anayevua glavu kimakosa hasahihishwi na simu. Anayeweza kumzuia ni mwenzake aliyesimama kando yake.

Basi maimamu wawahimize vijana waingie katika elimu hii, na wenye uwezo watazame kuweka wakfu wa wanasesere na vifaa vya kuzoezea katika hospitali zetu za Bukoba na Muleba.

Nilimjibu kijana yule: "Mwanangu, itazame simu yako, na mwite mkubwa wako hata akikasirika kuamshwa. Hasira yake ni nyepesi kuliko dhamana."

Tunamuomba Allah awaongoze mikono matabibu wetu na awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.