Zabibu ya Koshu: Kazi ya Wakulima Wadogo wa Japani

Ndugu mkulima, wewe uliyepata eka zako chache katika skimu, usidhani kwamba kila zao la sifa hutoka katika mashamba makubwa. Huko Japani, magharibi ya Tokyo, liko jimbo la Yamanashi, na ndani yake bonde la Kofu lililozungukwa na milima. Hapo, katika Katsunuma, wenye vishamba vidogo hulima zabibu iitwayo Koshu. Ganda lake ni jekundu hafifu, tena nene, lakini mvinyo wake ni mweupe.

Shida yao ni mvua. Hunyesha sana tangu mwezi wa Juni, na dhoruba huja Septemba wakati matunda yanapoiva. Zabibu ikilowa huota ukungu na kuoza. Basi mzabibu hauachwi karibu na ardhi. Hutandazwa juu ya dari ya nguzo na waya, kupita kimo cha mtu, vishada vikaning'inia chini ya majani ambapo upepo hupita. Wengine huvika kila kishada kofia ndogo ya karatasi iliyotiwa nta. Hebu fikiri kufunga kofia hizo moja moja, mikono juu tangu asubuhi! Mimi nashika kalamu ofisini, na shingo huniuma kwa kuandika tu.

Mwaka 1877 vijana wawili wa Katsunuma walipelekwa Ufaransa kujifunza kutengeneza mvinyo. Lakini ufundi peke yake haukutosha. Kwa miaka mingi zabibu nzuri ziliuzwa za kula, na zilizobaki ndizo zilizopelekwa kukamuliwa. Mkulima aliyelipwa kwa uzito aliacha vishada vingi juu ya mti, wala hakukosea hesabu yake. Lakini sukari ilikuwa haba, na mvinyo ukawa mwepesi kama maji.

Dawa yake ilikuwa kupunguza vishada na kuchagua vema siku ya kuvuna. Hapo ndipo penye maneno. Anayekata vishada vibichi anatupa uzito chini, kwa hiyo hapana budi mnunuzi amlipe kwa ubora. Mimi naona mapatano hayo yafaa kufanywa kabla makasi hayajashikwa, si siku ya kupima.

Mwaka 2010 Koshu iliandikwa katika orodha ya shirika la mataifa la mizabibu na mvinyo, ndipo jina lake likaweza kuonekana juu ya chupa zinazouzwa Ulaya.