Nywele Kavu: Maji Kwanza, Mafuta Baadaye

Mwanafunzi anayeziona nywele zake zimekakamaa na kutimka aghalabu hukimbilia mafuta mazito. Kwa siku moja au mbili nywele hung'aa. Kisha hukatika kwenye kitana kama hapo awali. Huongeza mafuta, nazo huzidi kukatika. Chanzo cha taabu hii ni dhana kwamba ukavu wa nywele ni upungufu wa mafuta tu. Kwa hakika, kinacholainisha unywele ni maji. Kazi kubwa ya mafuta ni kuyazuia yasitoroke upesi.

Sehemu ya unywele iliyo juu ya ngozi haina uhai. Imeundwa kwa protini iitwayo keratini. Ndani mna nyuzinyuzi zinazoupa nguvu, na nje mna magamba membamba yaliyopangwa mfano wa vigae vya paa. Unywele hurefuka kwa kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Hivyo ncha ya unywele wa sentimita 12 imehimili jua, sabuni na kitana kwa takriban mwaka mzima. Nayo ikipasuka, haiponi kama ngozi iponavyo. Kwa sababu hiyo, kutunza nywele ni kuzikinga, wala si kuzitibu.

Kila unywele una tezi ndogo ya mafuta karibu na shina lake. Katika unywele ulionyooka, mafuta hayo huteremka hadi ncha. Katika unywele uliojisokota, hukwama njiani. Aidha, penye pindo magamba huinuka, na maji hupotea upesi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, unywele mkavu huufyonza, huvimba na kupinda. Ndipo kichwa kinapokuwa timtim.

Utaratibu wa nyumbani hufuata maarifa haya. Nywele zilizojisokota zioshwe mara moja kwa juma, au kila baada ya majuma mawili. Sabuni ya kufulia haifai, kwani ni ya alikali: huvimbisha unywele na kuinua magamba yake. Shampuu laini hufaa zaidi, nayo isuguliwe kwenye ngozi ya kichwa, si kwenye ncha. Zingali zimelowa, nywele zichanuliwe kwa kichanuo chenye meno mapana, kuanzia ncha kuelekea shina, kwa maana maji hulegeza misokoto. Baada ya hapo zipakwe mafuta kidogo, kisha zisukwe mabutu yasiyokazwa mno.

Je, ni mafuta gani yafaayo? Mwaka 2003 wanasayansi wa India walichapisha uchunguzi uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Mafuta ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya unywele. Asidi ya lauriki iliyomo ina molekuli ndogo na nyoofu, hivyo hupenya ndani. Kumbe bibi wa pwani aliyekuna nazi na kuchemsha tui lake alikuwa na hazina jikoni mwake.

Tahadhari kubwa yahusu dawa kali za kunyoosha nywele. Baadhi zina sodiamu hidroksaidi, ambayo huvunja viungo vya salfa vinavyoshikilia keratini. Viungo hivyo havirudi katika hali yake ya asili, na dawa ikigusa ngozi huweza kuiunguza. Mwenye mapengo kichwani, vidonda au mwasho usiokoma amwone mganga hospitalini, kwani huo si ukavu tu.

Darasani, jaribio moja litathibitisha nguvu ya maji. Wanafunzi wachukue nywele mbili zilizodondoka kutoka kichwa kimoja, waloweke mmoja kwa dakika 10, kisha wavute kila mmoja polepole kandokando ya rula. Uliolowa utakubali kuvutika kwa nguvu ndogo zaidi. Jaribio lirudiwe kwa unywele uliopakwa mafuta bila maji, na wanafunzi waeleze tofauti waliyoiona.