Saketi ya Oveni: Breka Hufuata Waya

Oveni ya umeme huvuta mkondo mkubwa kuliko vifaa vingi vya nyumbani, tena kwa muda mrefu, kwani nyama au mkate huweza kukaa ndani yake saa nzima. Kwa hiyo saketi yake, yaani njia ya nyaya inayotoka kwenye ubao wa breka hadi kwenye kifaa na kurudi, hustahili kupangwa kabla oveni haijanunuliwa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kibati kilichobandikwa kwenye oveni huonyesha nguvu yake kwa wati, na nguvu hiyo ikigawanywa kwa volti 230, ambazo ndizo kipimo cha umeme wa majumbani Tanzania, hupatikana mkondo kwa ampea. Oveni ndogo ya wati 2,500 huvuta takriban ampea 11, ambazo soketi ya ampea 13 huzimudu, ilhali jiko la wati 10,000 lenye oveni na pleti nne lingevuta ampea 43 kama sehemu zake zote zingewaka kwa pamoja. Hali hiyo ni nadra, kwa sababu temostati, kifaa kinachopima joto, huzima na kuwasha kila sehemu kwa zamu yake. Ndiyo maana utaratibu wa Uingereza, unaojulikana sana kwa mafundi wa Afrika Mashariki, huhesabu ampea 10 za kwanza kwa ukamilifu, kisha asilimia 30 ya zinazobaki, na kuongeza ampea 5 iwapo swichi ya jiko ina soketi. Jiko hilo basi, likiwa na soketi hiyo, huhesabiwa ampea 25, na kutengewa breka ya ampea 32 na waya wa milimita 6 za mraba.

Breka, hata hivyo, kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya kwa kukata umeme mkondo unapozidi, na hapa ndipo makosa ya hatari hutendeka. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linalozalishwa ndani ya waya huongezeka mara nne, na plastiki inayoufunika hulainika na hatimaye kuungua. Waya wa milimita 2.5 uliobanwa juu ya ukuta hubeba takriban ampea 27, lakini ukipitishwa juu ya dari chini ya mabati, mahali ambapo joto hufikia nyuzi 40, uwezo huo hushuka hadi kama ampea 23. Breka inayokatika kila oveni inapowashwa inatoa onyo la kweli, na kuibadilisha kwa iliyo kubwa zaidi, huku waya ukiachwa uleule, ni kuukaribisha moto nyumbani.

Oveni kubwa huhitaji pia waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, pamoja na swichi yake iliyo karibu na jiko, na kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni, ambayo nchini Tanzania hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Anayejenga na amwambie fundi huyo alaze waya wa milimita 6 hadi jikoni kabla ya plasta, hata kama kwa sasa anapikia gesi.