Mwanafunzi wa Tiba Tukuyu na Amoksisilini ya Mazoea

Tukuyu mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka. Kwa baridi ile ya milima ya Rungwe, kikohozi na mafua ya watoto ndiyo kazi ya kila siku ya zahanati na vituo vya afya vya wilaya. Mama anafika na mwanawe mgongoni, anataka dawa, na mara nyingi anaondoka na antibayotiki, amoksisilini. Pembeni ya mganga amesimama mwanafunzi wa utabibu au uuguzi, yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, anatazama jinsi kazi inavyofanywa.

Mwanafunzi huyo mpe mtihani atafaulu. Ataandika kwamba antibayotiki huua bakteria na haziwezi virusi, na kwamba mafua huletwa na virusi. Huenda akakumbuka kuwa Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 kuwa dozi pungufu huzalisha vijidudu sugu. Shida inaanzia kituoni, anapoona mkubwa wake akiandika kinyume cha alichosoma, naye hana nafasi ya kumpinga mbele ya mgonjwa.

Tazama kinachotokea kwa mtoto mwenye homa. Anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Kikitoka hasi, anaandikiwa antibayotiki, kana kwamba hakuna homa ya aina ya tatu. Ipo, ile ya virusi, tena ndiyo nyingi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa kwa watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, ulionyesha kuwa takriban saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Waliokuwa na malaria ni kama mmoja katika kumi.

Wapo watakaosema: bila maabara ya kuotesha vimelea, mganga wa kijijini afanye nini? Ahesabu pumzi. Mtoto mwenye kikohozi hutulizwa, nguo ikapandishwa kifuani, pumzi zikahesabiwa kwa dakika nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, anapumua haraka na huenda ana nimonia; huyo apewe amoksisilini na amalize dozi. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akizidiwa na usingizi usio wa kawaida, apelekwe hospitali haraka. Asiye na dalili hizo wala nyingine ya hatari, na ana kikohozi au mafua tu, arudi nyumbani na maelezo ya kumtunza. Kinachohitajika ni saa na subira, na subira ndiyo ngumu foleni inapofika mlangoni.

Rungwe pia ni wilaya ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akiugua kiwele huchomwa antibayotiki, nyingine za jamii zilezile tunazomeza sisi, na maziwa yake hayapaswi kunywewa wala kuuzwa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Wanafunzi wengi wamekulia kwenye nyumba zenye mabanda hayo. Sioni kwa nini somo la usugu liishie kwa binadamu.

Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa hiyo nawaomba wakufunzi na waganga wanaopokea wanafunzi: msimtilie saini mwanafunzi kabla hajahesabu pumzi mbele yenu na kueleza kwa mdomo wake kwa nini mtoto huyu anapewa dawa na yule hapewi. Nawe mzazi, mganga akikwambia mwanao hahitaji antibayotiki, usitoke hapo ukapitia duka la dawa kuinunua. Muulize dalili gani zikurudishe kituoni, na ukiziona, rudi siku hiyohiyo.