Fahamu: Fedha za uhakika kwa wajawazito na wazazi wapya

Ni fedha taslimu anazopewa mjamzito au mzazi wa mtoto mchanga, bila masharti. Mjini Flint, Marekani, mpango wa Rx Kids ulioanza Januari 2024 humpa mjamzito dola 1,500, kisha dola 500 kila mwezi baada ya mtoto kuzaliwa, hadi atimize mwaka.

Uganda je? Sheria ya Ajira ya 2006 inampa mama aliyeajiriwa siku 60 za kazi za likizo yenye malipo. Baba siku 4. Karani wa Nyamitanga, Mbarara, anafaidika. Muuza ndizi barabarani hana kitu. Mkimbizi wa Nakivale, anayelima mashamba ya watu kwa kibarua na tumbo la miezi minane, naye hana. Tangu Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) limepunguza mgao wa chakula wa wakimbizi, na familia zilizohesabiwa kuwa zinajiweza ziliondolewa kabisa.

Je, fedha huokoa maisha? Katika Kaunti ya Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya maskini zaidi ya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja. Utafiti uliotolewa 2025 ulikuta vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vimepungua kwa karibu nusu. Wajawazito walipumzika miezi ya mwisho, wakala vizuri, wakajifungulia hospitali. Palipokuwa mbali na hospitali, faida ilikuwa ndogo.

Uganda tayari huwalipa wazee shilingi 25,000 kwa mwezi kupitia mpango wa SAGE. Njia ipo, wajawazito nao waingizwe, wakimbizi wakiwemo.