Msalaba wa Katanga na farasi wa Roma

Ukivuka maji kutoka Chisenga, wilayani Nchelenge nchini Zambia, unaingia upande wa Kongo, na bara la huko ni Katanga, nchi ya shaba. Wayeyushaji wake walichoma malakiti, lile jiwe la kijani, kwa makaa na mivukuto, kisha wakaimimina shaba kwenye kalibu yenye umbo la msalaba. Dini haikuhusika. Misalaba mikubwa ilifikia sentimita 20 hivi, na biashara yake ilienda mbali sana na machimbo.

Je, ilikuwa pesa? Jibu limo makaburini, huko Sanga katika bonde la Upemba, alikochimba mwanaakiolojia Pierre de Maret. Kuanzia karne ya 13 hivi, marehemu aliwekewa msalaba mmoja mkubwa kifuani. Makaburi ya baadaye yana misalaba midogo, mingi, inayolingana ukubwa, karibu na mikono na nyonga. Pambo la heshima limekuwa kitu cha kuhesabiwa. Mimi ushahidi huo unanitosha.

Roma nayo ilianza na shaba: madonge ya kupimwa kwa mizani, halafu vipande vizito vya shaba na bati vyenye picha, mojawapo ikiwa ng'ombe dume. Sarafu za fedha zilikuja karibu mwaka 300 KK, na ufundi wake ulitoka kusini mwa Italia, ambako miji ya Wagiriki ilikuwa imeshapiga sarafu kwa zaidi ya miaka 200.

Itazame ile ya kwanza ya Roma. Ina uzito wa gramu 7 na kitu. Upande mmoja yupo Mars, mungu wa vita, mwenye ndevu na kofia ya chuma ya Kikorintho. Upande wa pili kuna kichwa cha farasi, nyuma yake suke la nafaka, na neno ROMANO. Suke lilikuwa alama ya Metapontum, mji wa Wagiriki. Farasi anafanana na yule wa sarafu za Karthago, mji wa Afrika Kaskazini. Cha Roma hapo ni jina tu!

Kupiga sarafu kulitaka kipande cha fedha kati ya mihuri miwili, na nyundo. Nyundo kila mtu anayo. Mchonga muhuri ndiye adimu, na mabingwa walikuwa Wagiriki. Karibu mwaka 269 KK ndipo alipotokea mbwa mwitu jike akiwanyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya Roma yenyewe, na hata hapo upande wa pili ulikaliwa na Herakle, shujaa wa Wagiriki. Denari, sarafu ya fedha ya Roma, ilifuata mwaka 211 KK.

Katanga ilipojitenga na Kongo mwaka 1960, bendera yake ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Sarafu zake za faranga za mwaka 1961 zina mkungu wa ndizi upande mmoja na msalaba upande mwingine. Nchi yenyewe ilikwisha mwaka 1963. Lakini kwa picha iliishinda Roma: ilianza na ya kwao.