Chozi, panya wa miiba na sukari ya damu

Asubuhi kwenye mikoko ya Bagamoyo, chozi hutua juu ya ua jekundu la msinzi na kuchomeka mdomo wake uliopinda. Ua hufyatuka, chavua ikamrukia usoni. Akihamia mti mwingine anaibeba, na msinzi unapata kuzaa. Yeye alichofuata ni maji matamu ya ua. Hayo, pamoja na buibui na wadudu, ndiyo chakula chake.

Ndege hawana ugomvi mkubwa na sukari. Amerika kuna ndege mvumaji, ambaye si ndugu wa chozi ingawa anaishi kwa maua vilevile. Alipopimwa, sukari yake ya damu ilikuwa kama milimoli 17 kwa lita akiwa na njaa, na ikavuka 40 baada ya kula. Kwetu sisi, anayefika 7 kabla ya kunywa chai huambiwa ana kisukari. Mtu mwenye 40 hukimbizwa hospitali.

Misuli yetu ina milango ya sukari inayosubiri insulini iifungue. Ndege hawana milango ya aina hiyo. Sukari yao hupita kwingine. Zaidi ya hapo, wanaichoma. Ndege mvumaji akielea hewani mbele ya ua, karibu nguvu yote ya misuli yake hutoka kwenye sukari aliyoinywa muda mfupi uliopita. Sukari hiyo haipati nafasi kubwa ya kulala mwilini.

Si kila mnyama ana bahati hiyo. Sasa tumtazame panya wa jamii ya Acomys, mwenye manyoya ya mgongoni magumu kama miiba. Aina moja, iliyotambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2011, imepewa jina la milima ya Nguru. Ndugu zake wa Mashariki ya Kati walipofugwa Geneva na kulishwa mbegu zenye mafuta mengi, walinenepa, na baadhi wakapata kisukari. Kongosho lao lilikuwa limejaa insulini, lakini lilichelewa kuitoa sukari ilipopanda. Mnyama wa nchi kame, aliyezoea kula kidogo kwa kutafuta, alikuwa ameletewa karamu ndani ya tundu.

Lakini panya wa jamii hiihii ana kipaji ambacho mimi kinanigusa kuliko yote, kwa sababu nimeona wazee wenye sukari wakihangaika na kidonda cha mguu miezi na miezi. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi na Acomys wa Kenya walieleza kwamba ngozi yake ni dhaifu mno: akikamatwa na adui huiacha ikachanika, akakimbia. Anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Kisha inaota upya bila kovu kubwa, na vinyweleo vyake ndani. Tundu la milimita 4 lililotobolewa sikioni lilijiziba lenyewe, nyama ya gegedu ikarudi, na juu yake manyoya yakaota tena.